Kushika na Kusemea Redio ya Mkononi Ziwani

Redio ya mkononi, ambayo wengi huiita woki-toki, hutumika kwa zamu: anayesema hasikii, na anayesikiliza hawezi kumkatiza. Anayeitumia kama simu hukosea, hasa kwenye kivuko kama Luanda Kotieno, kaunti ya Siaya, ambako feri ya Mbita hupakia magari na abiria katikati ya mngurumo wa injini na upepo wa ziwa. Mara nyingi redio husingiziwa ubovu, kumbe kosa liko mkononi na mdomoni.

Redio hushikwa wima, antena ikitazama juu. Ikilazwa, mawimbi yake hayalingani na antena ya upande wa pili, na nguvu nyingi hupotea. Haibebwi kwa kushika antena. Maikrofoni hukaa sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ipite kando. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, kwa hiyo anayeikodolea macho feri huku akisema huupokea wote kwenye maikrofoni. Heri aupe mgongo, au aikinge redio kwa kiganja.

Kabla ya kusema, husikilizwa kwanza kama chaneli iko wazi. Kisha kitufe cha kusemea hubonyezwa, husubiriwa kama sekunde moja, ndipo maneno huanza. Sekunde hiyo si anasa. Redio huchelewa kidogo kuanza kurusha, na anayeharakisha humezwa mwanzo wa neno. Katika Kiswahili, mwanzo ndipo ukanushi unapokaa. "Msipakie lori" hufika gatini "pakie lori", na lori likapakiwa.

Sauti iwe ya kawaida. Kupayuka hakuongezi umbali, huifanya sauti ikwaruze tu. Hutajwa kwanza jina la anayeitwa, kisha la anayeita, halafu ujumbe mfupi unaofungwa kwa "ova" kumpa mwenzake zamu. "Ova na auti" kwa pamoja ni mazoea ya sinema: la kwanza linaomba jibu, la pili linaaga. Nambari hurudiwa na aliyezipokea, maana katika kelele "sita" na "tisa" hazitofautiani. Kitufe huachiliwa mara ujumbe unapokwisha. Kikibaki kimebanwa, chaneli nzima hufungwa kwa wote.

Umbali hutegemea kimo zaidi kuliko nguvu. Mawimbi haya husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na redio nyingi za mkononi za majini zina wati 5 tu. Redio mbili zilizo mita 2 juu ya maji hufikiana hadi kama kilomita 11. Mita 1 juu, kama kilomita 8. Ndiyo maana baharia husimama sitahani, wala hajifungii ndani ya chumba cha chuma.

Wakati wa hatari, chaneli ya kimataifa ya majini ni 16, yaani megahezi 156.8. Hutamkwa "Mayday" mara tatu, kisha jina la chombo, mahali kilipo, kilichotokea na idadi ya watu waliomo.

Masafa ya redio nchini Kenya husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kikundi cha wavuvi kinachotaka kununua redio kiulize habari za leseni huko kabla ya kulipa pesa.