Je, Wajua? Hadithi ya Ukambani Ina Kiitikio

Ukipita Kithyoko, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, uko katika nchi ya mbano. Ndivyo Wakamba wanavyoziita hadithi zao. Ikiwa moja, ni wano. Nyanya, au susu kwa Kikamba, alisimulia jioni kando ya moto: sauti nzito ya Eimu, lile zimwi, kisha wimbo, na watoto wanaitikia.

Mwaka 1966 John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha kitabu cha hadithi hizo, Akamba Stories. Ni hazina kubwa, ila karatasi haiitikii wimbo. Ndiyo maana nafurahi kwamba leo Kenya ina watambaji wanaolipwa kusimulia shuleni na jukwaani, mbele ya wakubwa kwa wadogo. Ujira huo ni haki yao: kuwa zimwi na mtoto aliyetekwa kwa pumzi moja ni kazi.