Namna ya Kukieleza kwa Haki Kitabu Tusichokubaliana Nacho

Mwaka 1973 mwandishi Mfaransa Jean Raspail alitoa riwaya iitwayo Le Camp des Saints, yaani Kambi ya Watakatifu. Wanasiasa wa mrengo mkali wa kulia wameisifu sana, akiwemo Marine Le Pen wa Ufaransa na Steve Bannon wa Marekani. Je, mtu akipewa kazi ya kuieleza riwaya hii katika kamusi elezo, aandikeje?

Swali hili linatugusa sisi wa Kasulu na Kibondo, kwa sababu riwaya inahusu maskini wanaofika katika nchi ya wengine. Sisi tumeishi jirani na kambi ya Nyarugusu tangu 1996, na Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia nchi yao.

Tuanze na kisa chenyewe. Watu maskini wapatao milioni moja wanapanda meli kuukuu huko India na kuelekea pwani ya kusini ya Ufaransa. Wanafika wakati wa Pasaka. Serikali inashindwa kuamua kama iwapokee au iwapige risasi, jeshi linasambaratika, na Ulaya inaanguka. Mapadre na wote wenye huruma wanachekwa kama wapumbavu.

Anayeeleza kitabu cha namna hii huweza kukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuhukumu bila kueleza. Akiandika tu kwamba ni kitabu cha chuki, msomaji anapata hukumu lakini hapati sababu yake. Kesho akikutana na mtu anayekisifu, hatakuwa na la kujibu.

Njia ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu haionekani. Mtu anaandika kwamba riwaya inasimulia uvamizi wa Ulaya, akidhani hajaegemea upande wowote. Lakini wale watu hawana silaha. Kuwaita wavamizi ni maoni ya kitabu, na mwandishi wa kamusi akilitumia neno hilo kama lake, amekwisha kukubaliana nacho.

Katika falsafa tunajifunza njia iliyo bora. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, huanza kila swali kwa kutaja hoja zinazopingana na msimamo wake, tena bila kuzidhoofisha. Ndipo anajibu. Amri ya nane nayo inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na jirani huyo ni pamoja na mwandishi tusiyempenda.

Kwa hiyo maelezo ya haki yatataja hata yale yanayomtetea Raspail: kwamba alikuwa mwandishi mwenye heshima, aliyepewa tuzo ya riwaya ya Académie française mwaka 1981 kwa kitabu kingine, na kwamba miongoni mwa watetezi wa mwisho wa Ulaya katika riwaya yumo Mhindi mmoja. Wapenzi wa kitabu hutaja jambo hilo, na msomaji ana haki ya kulijua.

Lakini haki hiyo hiyo inadai tuseme wazi mambo mengine. Umati unaofika karibu hauna majina wala sauti. Unaelezwa kwa uchafu, harufu na tamaa. Jina la riwaya limetoka Ufunuo 20:9, ambapo kambi ya watakatifu inazingirwa na mataifa yaliyodanganywa na Shetani. Kwa jina hilo, maskini wanawekwa mahali pa jeshi la Shetani. Hayo yako kitabuni, na yeyote akifungua atayaona. Tukishayaonyesha, hukumu inasimama juu ya ushahidi, nasi hatuhitaji kupaza sauti.

Kutoegemea upande si kusimama katikati ya ukweli na uongo. Ni kumpa msomaji kilichoandikwa, nani alikisema, na nani alikipinga, kila neno likibaki kwa mwenyewe.

Zoezi hili halihitaji maktaba kubwa. Sokoni Kasulu au stendi ya Kibondo, tukisikia mtu akisema wakimbizi ni mafuriko, tunaweza kujiuliza: hilo ni jambo lililotokea, au ni neno la msemaji? Mafuriko hayana jina wala mama. Mkimbizi anavyo vyote viwili.