Muziki wa jadi wa Kihindi: Usiondoke kabla tabla haijalia

MNAMO Agosti 1, 1971, mpiga sitari mashuhuri Ravi Shankar alipanda jukwaani katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, pamoja na Ali Akbar Khan na mpiga tabla Alla Rakha. Walipomaliza kuweka sawa nyuzi za ala zao, umati ukawashangilia kwa makofi. Shankar aliwashukuru, akasema kwamba ikiwa matayarisho yamewapendeza kiasi hicho, anatumai muziki wenyewe utawafurahisha zaidi.

Anayehudhuria tamasha la muziki wa jadi wa Kaskazini mwa India kwa mara ya kwanza (si nyimbo za filamu) ajue kuwa hata nyuzi zikishawekwa sawa, ngoma bado hailii. Mpiga tabla huketi kimya. Tambura hurudia sauti chache zile zile, na juu yake msanii huanza alapu, yaani kuitambulisha raga.

Raga si wimbo. Ni mpangilio wa sauti wenye kanuni zake: ipi ikaliwe, ipi iguswe tu, ipi irukwe wakati wa kupanda na kurejewa wakati wa kushuka. Msanii hasomi noti popote; hutunga papo hapo, mithili ya malenga anayejibu shairi kwa bahari aliyopewa. Alapu huweza kuchukua nusu saa au zaidi, na wageni wengi huanza kutazama saa. Kwa maoni yangu, anayetoka nje wakati huo ameukosa uhondo wenyewe, kwani yote yafuatayo huchipuka hapo.

Kisha tabla huingia, sauti ambayo wapenzi wa taarab ya Mombasa wataitambua mara moja. Mzunguko maarufu, tintali, una mapigo 16. Tazama mikono ya wajuzi ukumbini: hupiga kofi pigo la 1, la 5 na la 13, na katika pigo la 9 hugeuza kiganja tu. Wasanii huachana, kila mmoja na njia yake, kisha hukutana kwa ghafla kwenye pigo la kwanza, liitwalo samu. Hapo utasikia watu wakisema "wah!" Si utovu wa adabu.

Aidha, raga nyingi zina saa zake: Bhairav ni ya alfajiri, Yaman ya jioni. Kwa kuwa matamasha mengi hufanyika usiku, raga za asubuhi husikika kwa nadra. Ukialikwa kwenye tamasha la alfajiri, rauka uende.