Kwa Nini Mifumo ya Kidijitali Huchelewa

Mfanyabiashara anayetaka kulipia leseni kwa simu badala ya kupanga foleni huwa na swali moja: mfumo utaanza kufanya kazi lini? Tarehe inapopita, wengi hudhani kwamba wataalamu wa programu ni wazembe. Hata hivyo, katika miradi mingi muda hupotea zaidi kwenye kungoja kuliko kwenye kazi yenyewe.

Hilo ni funzo kuu la mbinu ya kutengeneza programu kwa kupunguza upotevu. Chimbuko lake ni viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani, ambako mhandisi Taiichi Ohno aliorodhesha aina 7 za upotevu, kungoja ikiwa mojawapo. Mwaka wa 2003, Mary na Tom Poppendieck wa Marekani walichapisha kitabu kilichoingiza fikra hizo katika utengenezaji wa programu.

Ucheleweshaji huletwa na mambo haya:

Kazi nyingi kwa wakati mmoja. Timu yenye kazi 20 mkononi, inayomaliza 4 kwa wiki, huchukua wastani wa wiki 5 kukamilisha kila kazi. Ikishika kazi 8 pekee kwa kasi ileile, muda huo hushuka hadi wiki 2. Mshika mawili moja humponyoka.

Kungoja uamuzi. Marekebisho ya siku moja yanaweza kukaa mwezi mzima yakisubiri sahihi ya afisa au jibu la idara nyingine.

Kupokezana kazi. Anayekusanya mahitaji, anayeunda programu na anayeikagua wakiwa mbalimbali, maelezo hupotea njiani na kazi hurudiwa.

Kujaribu mwishoni. Kosa likigunduliwa baada ya mfumo mzima kujengwa, kulirekebisha huwa kugumu na ghali zaidi.

Kuongeza watu mradi ukiwa tayari umechelewa si dawa. Fred Brooks, aliyesimamia miradi mikubwa ya kampuni ya IBM, alieleza mwaka wa 1975 kwamba hatua hiyo huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni ni lazima wafundishwe na wale wale wenye kazi.

Mfano unaojulikana ni wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI. Mwaka wa 2005 liliachana na mfumo wa faili za kesi uliokuwa umegharimu takriban dola milioni 170. Mradi wa pili, Sentinel, ulianza mwaka wa 2006 nao ukachelewa. Mwaka wa 2010 FBI ilichukua usimamizi wenyewe, ikatumia timu ndogo na kuonyesha kazi iliyokamilika kila baada ya wiki 2. Wafanyakazi wake walianza kuutumia mfumo huo Julai 2012.

Si kila kungoja ni upotevu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka wa 2015 huwapa wazabuni muda wa kushindana kwa haki, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 hutaka taarifa za mkazi zilindwe. Hatua hizo zina kazi yake na hazifai kurukwa. Kinachofaa kupunguzwa ni siku ambazo faili imelala mezani bila sababu.

Wakazi wana nafasi ya kusaidia. Katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, mradi wa mfumo wa kidijitali unapojadiliwa, wanaweza kuuliza: Ni huduma gani moja itaanza kutumika kwanza? Ni nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha mabadiliko, na kwa siku ngapi? Wakazi wataujaribu mfumo lini kabla haujakamilika? Maswali hayo yakijibiwa mapema, fedha za umma hazitaishia kwenye mfumo ambao hakuna anayeutumia.