Mrejesho na Tabia ya Opampu: Mfano wa Saketi ya Kulinda Betri za Taa za Dagaa, Sengerema

1.0 Utangulizi

Katika mialo ya Sengerema, mkoani Mwanza, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mahali pa karabai za mafuta ya taa pamezidi kuchukuliwa na taa za LED zinazotumia betri. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ikiachwa iishe kabisa mara kwa mara, uhai wake hufupika, na hasara humwangukia mvuvi. Saketi ya kuilinda huweza kujengwa kwa amplifaya operesheni, ambayo hapa itaitwa opampu. Makala haya yanafafanua kwamba opampu ileile huwa na tabia mbili tofauti, na kwamba kinachoamua ni aina ya mrejesho. Mfano uliotumika ni LM358, yenye opampu mbili ndani ya kipande kimoja.

2.0 Opampu yenye mrejesho hasi

Opampu hukuza tofauti ya volteji kati ya ingizo chanya na ingizo hasi. Kwa LM358, ukuzaji huo ni takribani mara 100,000. Ili uweze kutumika, sehemu ya tokeo hurudishwa kwenye ingizo hasi. Opampu ya kwanza hupima mkondo unaokwenda kwenye taa. Mkondo wa ampea 5 ukipita katika kikinza cha omu 0.01, hupatikana milivolti 50. Vikinza vya mrejesho vya kilo-omu 99 na kilo-omu 1 huweka ukuzaji wa 1 + 99/1 = 100; hivyo tokeo ni volti 5. Tofauti ya maingizo inayohitajika ni 5 ÷ 100,000, yaani maikrovolti 50 tu. Hiki ndicho chanzo cha kanuni kwamba volteji za maingizo mawili ni sawa.

Hata hivyo, kanuni hiyo ni makadirio. Maingizo ya opampu halisi hayalingani kikamilifu. Kasoro ya milivolti 2, ikikuzwa mara 100, huongeza au hupunguza volti 0.2, sawa na asilimia 4 ya kipimo hiki. Aidha, µA741 ya mwaka 1968 haifai hapa, kwa kuwa ikiendeshwa kwa betri moja maingizo yake hayafanyi kazi ipasavyo karibu na volti sifuri.

3.0 Opampu isiyo na mrejesho hasi

Opampu ya pili hulinganisha sehemu ya volteji ya betri, kwenye ingizo chanya, na volti 2.5 zisizobadilika kwenye ingizo hasi. Tofauti ya milivolti 1 ingedai tokeo la volti 100, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo tokeo hukwama juu au chini. Hapa kanuni ya usawa wa maingizo haitumiki kabisa.

Taa ikizimwa katika volti 11.4, volteji ya betri hupanda kidogo, taa huwaka tena, kisha huzimika, na hali hiyo hujirudia. Tiba yake ni mrejesho chanya: kikinza kutoka kwenye tokeo hadi ingizo chanya hutenganisha viwango, taa izimike katika volti 11.4 na isiwake hadi volti 12.4.

4.0 Hitimisho

Kabla ya kukokotoa chochote, mchambuzi hana budi kuuliza mrejesho unarudi kwenye ingizo lipi. Asipouliza, atatumia kanuni sahihi katika saketi isiyohusika nayo.