Binti Naye Ni Mrithi

Mara nyingi hapa Machakos tunasikia, "Msichana ataolewa, shamba ni la nini?" Ati ni mila. Hebu tutazame ukoo mmoja wa Scotland.

Josslyn Hay, aliyezaliwa 1901, alihamia Kenya 1924, na 1928 akarithi cheo cha ukoo, Earl wa Erroll. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Diana. Mwezi wa Januari 1941 Hay aliuawa kwa risasi karibu na Nairobi. Mshtakiwa aliachiliwa na korti.

Cheo cha Erroll kiliweza kurithiwa na mwanamke, basi kikaenda kwa Diana, msichana wa miaka 15. Lakini cheo kingine cha babake, Baron wa Kilmarnock, kilikuwa cha wanaume peke yao, kikachukuliwa na baba mdogo.

Mnaona? Kinachomnyima binti si damu, ni kanuni. Kwetu kanuni imeshabadilika: Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haibagui mvulana na msichana. Kwa hiyo, akina mama na wazee, barua ya chifu ya kufungua kesi ya urithi itaje watoto wote, hata walioolewa.