Fahamu: Viendelezi vya kivinjari na bando lako

Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari ili kukipa kazi mpya, kama kuzuia matangazo au kutunza nywila.

Kwa nini vinamfaa mkulima wa wilaya ya Kyela?

Mkulima wa kakao anayefuatilia bei za mnada mtandaoni huona bando likiliwa na matangazo na video zinazojicheza zenyewe. Kiendelezi cha uBlock Origin huyazuia matangazo hayo. Tangu Desemba 2023, Firefox ya Android hupokea viendelezi vingi. Chrome ya simu haivipokei.

Bila kuongeza chochote

Kwenye Chrome ya Android, gusa nukta tatu, kisha nyota: anwani ya ukurasa wa bei imehifadhiwa. Kivinjari cha Opera Mini nacho hubana kurasa kwenye seva kabla hazijafika simuni.

Tahadhari

Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma tovuti zote kinaweza kuona hata nywila unayoandika. Usichokitumia, kiondoe.